Zamu ya Papa Lobho

Kasereka, fundi tuliyefanya kazi pamoja zamani, alinipigia simu Jumapili, nikiwa nimesimama jikoni nakula viazi moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, kwa sababu hata leo siwezi kukaa chini na kula kama watu wengine. Akasema, "Jeannine, Papa Lobho ametuacha. Kule Mongbwalu, juzi. Matanga iko huku Bunia kwa kaka yake, kama unaweza kuja." Nikampa pole, nikamwuliza alikuwa anaumwa nini, akanieleza habari ya kifua, nikajibu kwamba nitaangalia kama nitapata nafasi. Uongo mtupu. Nafasi ninayo tele. Nilikata simu nikaosha sufuria ile ile mara mbili, nikatoka nje, nikarudi ndani, nikafungua dirisha, nikalifunga. Tangu siku hiyo naanza jambo naliacha, naanza jingine naliacha. Wa nyumbani kwangu wameniuliza kama nina malaria. Sina. Nina mwaka mmoja wa ujana wangu ambao sijawahi kumsimulia mtu, na yule aliyestahili kuusikia wote amekufa akitengeneza mota za kuvuta maji katika mashimo ya dhahabu, wakati mahali pake palikuwa hospitalini, na pasingemponyoka kama si mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa na diploma ya informatique, masomo ya kompyuta, iliyolala chini ya godoro, chumba kimoja cha kupanga katika mtaa wa Lumumba, na miguu isiyotulia. Nilikuwa natembea Bunia nzima kila siku bila haja: napanda hadi boulevard, nashuka sokoni, naenda kusimama karibu na uwanja wa ndege kutazama nani anapanda ndege, kisha narudi na vumbi jekundu hadi magotini. Nilitaka kuondoka. Sikujua niende wapi wala nikafanye nini huko. Nilitaka kuondoka tu, kama mtu anavyotaka kujikuna. Ndipo mhandisi mmoja kijana, Fabrice, aliyekuwa amesoma mbali na kurudi na mradi wa wafadhili, akatafuta mtu wa kumsaidia kazi ya kompyuta katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mkataba wa mwaka mmoja. Na mwisho wa mwaka, alisema, kama kazi itakuwa nzuri, ataniandikia barua ya kunipatia masomo Kampala. Sikusikia kitu kingine baada ya neno Kampala.

Nyuma ya wodi ya wazazi kulikuwa na chumba cha mashine ya oksijeni. Inavuta hewa hii hii ya Bunia, inaikandamiza, inaikausha, inaichuja, na mwisho wake inatoka oksijeni inayopita katika bomba hadi vitandani kwa watoto wenye homa ya mapafu. Mashine ilikuwa imezeeka. Fabrice aliibandikia vipimo kila upande: kimoja cha mtetemo, kimoja cha joto, kimoja cha msukumo wa hewa, na kila sekunde namba zilikuwa zinaingia katika kompyuta yake. Alitaka kutengeneza programu itakayoona panne, yaani kuharibika kwa mashine, kabla haijatokea. "Hatuiambii panne inafanana na nini," alinieleza siku ya kwanza, akitembea huku na huku maana naye hakuwa mtu wa kukaa. "Tunaionyesha mifano, maelfu na maelfu. Inajifunza yenyewe, tabaka juu ya tabaka, mpaka inatambua alama ambazo siye hatuzione." Nilimwelewa. Mtoto mdogo anajua mama yake amekasirika kabla mama hajafungua kinywa, na hakuna aliyemfundisha. Ila programu inahitaji mtu wa kuiambia: hapa palikuwa na shida, hapa palikuwa shwari. Mtu huyo nilikuwa mimi. Na mimi shida na shwari nilikuwa nazitoa katika makaye, yaani madaftari, ya mafundi.

Walikuwa mafundi watatu, wakipokezana zamu, na kila mmoja alikuwa na kaye yake ya kuandika saa kwa saa hali ya mashine. Nilipewa chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka, bado kinanuka sabuni, ukuta wake umegusana na ukuta wa mashine, kwa hiyo meza yangu ilitetemeka kutwa nzima pamoja nami. Makaye yalirundikwa sakafuni. Kaye za Kasereka na za mwenzake zilikuwa rahisi: kila saa, mstari baada ya mstari, herufi tatu tu, RAS, yaani rien à signaler, hakuna la kutaja. Kaye za Papa Lobho zilinichosha macho. Zamu yake ilikuwa ya asubuhi, na aliandika kila kitu. "Mukanda inalia kidogo." "Joto imepanda, nimefungua mulango." "Leo inatetemeka upande wa kuume, jana haikutetemeka." Nilikuwa nasonya nikinakili, maana kila sentensi yake ilinibidi niigeuze kuwa alama nyekundu, saa na dakika, na Kampala iko inaningoja.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu mfupi, koti la bluu limefungwa vifungo vyote, sauti ya chini. Walikuwa wamekimbia vita kutoka Fataki, yeye na mke na watoto, wameacha shamba na ng'ombe, na alilisema hilo mara moja tu, kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Akifika asubuhi hakumsalimia mtu kabla hajainama chini ya tangi na kufungua bomba dogo la kutolea maji. Hewa ikikandamizwa inaacha maji, na maji yakikaa yanaharibu mashine. Kulikuwa na kifaa cha kuyatoa chenyewe, lakini Papa Lobho hakukiamini. "Otomatike inasinziaka," alisema. Kwa hiyo alifungua kwa mkono, akifika, kila saa, na kabla ya kuondoka, na kila mara nilisikia kupitia ukutani ule mlio wa pss, mrefu, halafu kimya. Saa sita mke wake alileta fufu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku nyingine samaki wa Kasenyi, na Papa Lobho aliniita. Nilikuwa nakula nimesimama mlangoni. "Kaa, mutoto," ananiambia. "Chakula haina miguu." Nakaa. Baada ya matonge mawili nimeshasimama tena, naye anatikisa kichwa na kunisogezea kipande kizuri cha samaki huku huku niliposimama.

Baada ya miezi mingi programu ikaanza kujua. Tuliipa siku ambazo haijawahi kuziona, na karibu kila mahali nilipokuwa nimeweka nyekundu, nayo iliweka nyekundu. Fabrice alinishika mabega yote mawili. Siku ile tulikula mishikaki mpaka mwenye jiko akatuuliza kama tuna harusi, na Fabrice akasema mbele ya watu wote, "Huyu atakwenda Kampala," nami nikajisikia niko tayari kwenye basi. Nilianza kuuliza bei ya sanduku. Nilianza kugawa vitu vyangu: jirani huyu sufuria, jirani yule kitanda.

Siku ambayo sikuitafuta ilinikuta mezani, asubuhi, nikiwa na andazi mkononi. Kasereka na mwenzake walikuwa wamekaa nje chini ya dirisha langu, wanakula, wanapiga stori. Kasereka akasema, "Usiku mukanda ilitaka kukatika. Niliikaza mbio mbio." Mwenzake akauliza, "Umeiandika?" Kasereka akacheka kabisa. "Niandike nini? RAS. Ukiandika shida, kesho AG anakutumia demande d'explication. Utajibu mpaka karatasi iishe. Lobho peke yake njo anapendaka vita na makaratasi." AG ni msimamizi mkuu wa hospitali, na demande d'explication ni barua ya kukutaka ujieleze kwa maandishi kwa nini jambo fulani limetokea mikononi mwako. Kila aliyefanya kazi katika ofisi ya kwetu anaijua. Tatu zisizojibiwa vizuri zikiingia katika dosie yako, yaani faili lako, kazi imekwisha. Kwa hiyo watu wenye akili waliandika RAS, mashine iwe inacheka au inalia. Mimi nilikuwa nimezibeba RAS zao zote, miaka yao yote, nikaziambia kompyuta: hapa shwari, hapa shwari, hapa shwari.

Nilifunga mlango. Nikatafuta majuma mawili ambayo Papa Lobho alikuwa Fataki kwenye matanga ya shangazi yake na wenzake wakashika zamu yake. Joto lilikuwa limepanda siku baada ya siku, mtetemo nao hivyo hivyo, hata mimi niliona kwa macho. Programu ilikuwa imesema shwari mwanzo hadi mwisho. Nikaanza kuuliza basi inaona nini inapoweka nyekundu. Nilifuta kipimo kimoja kimoja ili nione kipi kikiondoka programu inapotea. Kilikuwa kile cha msukumo wa hewa. Ndani ya mstari wake kulikuwa na vijino vidogo, kila saa kijino kimoja, msukumo unashuka kidogo halafu unapanda. Nilivitazama muda mrefu, na nilipokuwa navitazama, ng'ambo ya ukuta nikasikia pss. Na katika skrini, kijino kipya. Programu haikuwa imejifunza panne. Ilikuwa imejifunza mkono wa Papa Lobho akitoa maji, kwa sababu katika makaye yote yale, shida zilikuwepo tu pale ambapo yeye alikuwepo kuziandika.

Nilimwambia Fabrice siku ile ile. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Alikaa chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akajishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, kama mimi. "Presentation ni mardi," akasema, yaani Jumanne. "Wafadhili bamekata tikiti ya ndege." Akasimama tena. "Tutarekebisha katika version ya pili. Tutaenda kuomba mafundi baandike ukweli, tutaanza upya." Nikauliza, "Na mardi tutaonyesha nini?" Akasema, "Ile tuko nayo." Halafu, bila kuniangalia, "Barua yako ya Kampala naisaini mercredi, siku ya pili yake." Ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema sawa. Nimelisema neno hilo mara nyingi maishani, na mara zote nyingine sizikumbuki.

Mardi nilivaa gauni la kanisani na kugawa soda. Fabrice alionyesha michoro ukutani, siku za kijani, saa nyekundu, na wafadhili walipiga picha. AG alikuwa amekaa mbele, miwani juu ya paji la uso. Mwishoni akauliza swali moja: "Hizi nyekundu zinaangukaka wakati gani?" Fabrice akasita. "Asubuhi, mara nyingi." "Asubuhi ni zamu ya nani?" Kila mfanyakazi pale alijua. AG aliandika kitu katika karatasi yake, nami nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake na chupa tupu mikononi, na nililiona jina alipokuwa analiandika. Ijumaa Papa Lobho alipata demande d'explication: ajieleze kwa nini mashine inaharibika katika zamu yake tu. Alijibu kurasa tano, kwa mkono, kila kitu na saa yake. Kurasa zile tano zikachukuliwa kama ungamo. Wakamsimamisha kazi.

Alipita kwangu kuaga, koti limekunjwa chini ya kwapa. "Banasema ordinateur, hii kompyuta, imeniona," akasema. Hakuwa anatania wala kulalamika, alitaka kujua. "Weye unajuaka hizi mambo. Iliona nini kwangu?" Nikamwambia, "Ni namba tu, Papa." Akangoja kidogo, labda kuna zaidi. Halafu akasema niwe nakula vizuri, akaenda.

Mvua kubwa za mwaka ule zilikuja, hewa ikawa nzito kwa maji, na hakuna aliyeinama tena chini ya tangi. Kifaa cha kutoa maji kilikuwa kimesinzia kweli. Maji yalijaa, yakapita, yakaingia katika unga ulio ndani ya mashine wa kuchuja hewa, na asubuhi moja oksijeni ikawa dhaifu kiasi kwamba masista wa wodi walianza kukimbia. Niliwaona wakibeba chupa chache za chuma za oksijeni ya akiba kutoka kitanda hadi kitanda, wanamwondolea mtoto huyu anayepata nafuu wampe yule anayezidiwa, na mama mmoja ameshika mrija kwa mikono yote miwili, hataki kuuachia. Mungu alisaidia, chupa zilitosha. Katika skrini yangu programu ilikuwa kijani kutoka juu hadi chini. Haikuona hata kijino kimoja. Kasereka mwenyewe ndiye aliyechukua pikipiki kwenda kumleta Papa Lobho, naye akaja bila kuuliza neno, akafanya kazi siku mbili, analala pale pale sakafuni, hadi mashine ikapumua. Swali lake lilikuwa moja tu, na aliwauliza wote waliokuwa mlangoni: "Maji, nani alikuwa anatoa?"

AG hakuwa mjinga. Alikubali kumrudisha. Lakini dosie ni dosie, na barua ya kosa haiwezi kubaki humo bila kitu cha kuifunga. Kwa hiyo alimwambia aandike lettre de demande de pardon, akiri uzembe, aombe msamaha, na lundi, yaani Jumatatu, atashika zamu yake. Kwa mafundi wote lilikuwa jambo la kawaida. Kila mmoja alishawahi kuandika moja. Papa Lobho akaja kwangu nimpigie barua hiyo kwenye kompyuta ili iwe safi. Shati jeupe, limepigwa pasi. Alikaa, mikono juu ya magoti, akaanza kunitajia polepole: "Miye Lobho, fundi wa mashine, naomba pardon kwa uzembe wangu katika zamu yangu." Niliandika hadi neno uzembe. Vidole vikagoma. Nikasema, "Papa, hukukosa kitu." Nikamweleza yote. RAS za wenzake, vijino, mkono wake, Fabrice, mardi. Nilieleza mbio mbio, nikilia, na nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa najisikia nafuu kila sentensi inayotoka. Sikufikiria yeye atafanya nini na maneno hayo. Nilikuwa nayatoa tu yanitoke.

Sikuwahi kumwona amekasirika, na sikumtambua. "Unajua tangu lini?" Nikamwambia. Akahesabu miezi kwa vidole, mmoja mmoja. "Na nilikuja hapa, nikakuuliza." "Ndiyo, Papa." "Na ulikuwa unakula kwangu." Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Futa." Nikasema, "Papa, tumalize tu, lundi urudi kazini, mengine tutaona," kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Dakika kumi kabla ya hapo angeweza kutia saini. Ilikuwa karatasi tu. Sasa hakuweza tena, na mimi ndiye niliyemwondolea uwezo huo. "Siwezi kuomba pardon kwa maji ambayo nilikuwa natoa," akasema. "Futa, mutoto. Andika ile umeniambia, vile vile, na chini uweke jina yako, si yangu. Miye naenda kwa AG kumwambia barua yangu ya pardon haiko, barua ya Jeannine njo inakuja." Akasimama, akanyoosha shati. Mlangoni akageuka. "Utaipeleka?" Nikasema nitaipeleka.

Kasereka alinisimulia miaka baadaye, nilipokuwa nimeshamaliza masomo Kampala, kwamba Papa Lobho alikuwa anapita kwa sekretari wa AG kila asubuhi, karibu mwezi mzima, kuuliza kama barua ya Jeannine imefika. Anauliza kwa heshima, anashukuru, anaondoka. Halafu siku moja hakupita. Alikuwa ameshika njia ya Mongbwalu na mfuko wake wa vyombo, na mke wake akabaki Lumumba na watoto.

Barua niliiandika. Ukurasa mmoja, safi, bila kujitetea, jina langu na saini chini. Katika maisha yangu sijaandika kitu kizuri kuliko hicho. Basi la Kampala lilikuwa linaondoka lundi, na barua ya Fabrice, ile ya masomo, bado ilihitaji muhuri wa AG. Nilitoka stoo na bahasha mkononi. Mlango wa AG ulikuwa mwisho wa kolido, wazi, namsikia anaongea kwenye simu, hatua ishirini labda. Fabrice alikuwa nje uwanjani, anapakia vipimo vyake katika gari. Nikatoka nje. Nikamwambia ni barua ya AG kuhusu Papa Lobho, anifikishie. Aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akaikunja mara mbili na kuitia katika mfuko wa shati. "Nitaipeleka," akasema. Nilijua hataipeleka. Ndiyo maana nilimpa yeye.